Rejeta Iliyoziba

Kila Jumatatu na Alhamisi, seremala mmoja alifunga karakana yake mapema na kumpeleka mama yake hospitali. Figo za mama zilikuwa zimechoka. Damu yake ilisafishwa kwa mashine, na daktari alikuwa amewaonya wasikose.

Gari lao lilikuwa kuukuu. Alhamisi moja, katikati ya mlima, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye alama nyekundu. Mvuke ukafuka chini ya boneti.

"Mwanangu, gari linapika chai," mama akatania. Lakini sauti yake ilikuwa dhaifu.

Seremala alizima injini. Akachukua kitambaa, akaenda kufungua mfuniko wa rejeta.

"Usiguse!"

Alikuwa jirani yao, mwanamke fundi magari. Mtaani walimwita Mama Spana. Alisimamisha pikipiki yake kando ya barabara.

"Maji ya humo yanachemka, na yamebanwa. Ukifungua sasa yatakurukia usoni. Subiri injini ipoe."

"Mama anachelewa, jirani!"

"Bora achelewe akiwa na mwana mwenye macho."

Walisubiri. Injini ilipopoa waliongeza maji, wakaenda polepole. Walipofika, nusura mgonjwa mwingine apewe nafasi ya mama. Seremala alikaa kwenye benchi, akijifuta jasho.

Jumamosi Mama Spana alipiga hodi. Injini ilikuwa baridi kabisa. Alifungua mfuniko, akachungulia.

"Mbona maji yamekuwa kama matope? Huwa unaweka maji gani?"

"Ya bombani. Yakipungua naongeza."

"Ndiyo maana. Maji matupu huleta kutu na ukoko mgumu, kama ule wa ndani ya birika. Njia zimeziba. Maji hayazunguki, kwa hiyo injini haipoi."

Mama, aliyekuwa ameketi kibarazani, akacheka. "Kumbe gari nalo lina figo!"

"Tena zinahitaji kusafishwa, mama yangu," fundi akajibu.

Aliweka beseni chini ya gari, akafungua kizibo cha chini cha rejeta. Maji ya kahawia yakamwagika. Mke wa seremala akainama kulichukua beseni akamwage uani.

"Hapana, shoga! Maji haya yana mabaki ya dawa ya zamani ya kupozea injini. Ni matamu, lakini ni sumu. Mtoto au paka akiyaonja, tutalia. Tia kwenye dumu lenye mfuniko. Nitalipeleka gereji, wanakokusanya taka za namna hii."

Kisha alifunga kizibo, akajaza maji safi na dawa ya kusafishia rejeta, kama ilivyoelezwa kwenye chupa.

"Sasa washa injini. Washa na hita, ili maji yapite kila mahali."

Injini ilinguruma kwa muda. Wakaizima, wakangoja ipoe tena. Seremala alitaka kuharakisha, lakini mkewe alimtazama kwa jicho kali. Akatulia.

Waliyamwaga kwenye beseni, wakasuuza. Maji yalitoka ya kahawia, kisha ya njano. Wakasuuza tena na tena, mpaka yakatoka meupe kama ya kunywa.

"Na nje je?" mke akauliza.

"Swali zuri. Vumbi na wadudu huziba njia ya upepo." Fundi akamwonyesha kunyunyiza maji taratibu kutoka upande wa injini kwenda mbele. "Usitumie nguvu. Vibati hivi vyembamba vya rejeta vinapinda upesi."

Mwisho walijaza dawa ya kupozea inayolifaa gari lile, wakiichanganya na maji yasiyo na madini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye dumu lake. Waliacha mfuniko wazi, injini ikiunguruma, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Wakaongeza palipopungua, wakafunga.

"Usipitishe muda wa kuibadilisha," fundi akasema. "Na kabla ya safari, injini ikiwa baridi, tazama kiasi chake."

Jumatatu walianza kupanda mlima. Seremala aliukodolea macho ule mshale. Ulifika katikati, ukatulia tuli. Walipita kilele bila kusimama.

Hospitalini, mlango wa wodi ulikuwa bado haujafunguliwa. Waliketi kwenye benchi, bega kwa bega.

"Nilizoea kukuona ukihema huku umelowa jasho," mama akasema. "Leo tuna wakati. Hebu nieleze, ile meza unayomtengenezea mteja wako umeifikisha wapi?"

Seremala akatabasamu, akaanza kumsimulia.