Choo cha Wakaguzi

Kila asubuhi kabla ya kengele, kiranja wa afya alifanya kazi ile ile. Alifungua kufuli la vyoo vipya, akapangusa vumbi milangoni, akaangalia kama sabuni bado iko kwenye kisahani chake, kisha akafunga tena. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Wenzake wa darasa la sita walimwita Mama Ufunguo, na mwanzoni jina hilo lilimpendeza.

Vyoo vile havikuwa na mtumiaji hata mmoja. Halmashauri ilikuwa imetangaza kwamba shule zenye vyoo safi zitapewa fungu la fedha za kuchimba kisima. Mwalimu mkuu akaona njia ya mkato: choo kisichoingiwa hakichafuki. "Mpaka wakaguzi wapite, vyoo vipya ni marufuku," alitangaza mstarini. "Vumilieni kidogo. Mvumilivu hula mbivu."

Vyoo vya zamani vilikwisha kubomolewa. Basi watoto wakavumilia nyuma ya darasa la kwanza, kwenye nyasi. Huko hakupitiki bila kubana pua. Nzi walitoka huko wakaja moja kwa moja kwenye mikate ya watoto wakati wa mapumziko, bila kunawa miguu. Inatia kinyaa hata kusimulia. Watu wazima wenye akili zao walilinda matundu manne yasichafuke, wakaacha uwanja mzima uoze.

Siku moja mdogo wake kiranja, aliyekuwa darasa la kwanza, alimjia akitembea amebana mapaja.

"Dada, nifungulie. Nimebanwa."

"Siwezi. Mwalimu mkuu amekataza. Nenda nyuma kama wenzako."

"Jana nilikanyaga huko. Nifungulie mara moja tu, sitachafua."

Kiranja alitazama ofisini, akaushika ufunguo chini ya kola. "Rudi darasani," alisema.

Mtoto akarudi, na kabla somo halijaisha akajikojolea mbele ya darasa zima. Walimcheka mpaka wakachoka. Tangu siku hiyo akaacha kunywa maji asije akabanwa tena. Wiki haikuisha akawa kitandani, ana homa, na akienda haja ndogo analia.

"Amekuwa akizuia mkojo, na maji hanywi," muuguzi alimwambia mama yao.

"Nani kamfundisha mwanangu ujinga huu?" mama aliuliza.

 Ufunguo ulimkaa kiranja kifuani kama kitu kichafu, naye alijichukia.

Mkaguzi alifika siku iliyofuata. Alikuwa mama mmoja mtafiti, aliyetumwa na halmashauri kuangalia kama fedha za zawadi zinaleta faida. Mwalimu mkuu alimtembeza kwa madaha. Mtafiti alichukua sabuni, akaigeuza. Maandishi yake yalikuwa hayajafutika hata herufi moja.

"Vyoo hivi vinatumiwa na nani?"

"Na watoto wote," alijibu mwalimu mkuu.

Mtafiti akamgeukia kiranja. "Eti mwanangu, ni kweli?"

Kiranja alikijua kisima kile kinavyohitajika. Yeye mwenyewe alichota maji ya shule mtoni kila siku. Akisema, huenda kisima kikapotea. Alimfikiria mdogo wake.

"Si kweli, mama," alisema. "Hatujawahi kuingia. Mdogo wangu anaumwa kwa sababu nilimnyima ufunguo. Njoo nikuonyeshe tunakokwenda."

Walipofika nyuma ya darasa, mtafiti alifunika pua kwa kitambaa. Mwalimu mkuu alitazama chini.

"Nilitaka watoto wapate maji," alisema kwa sauti ndogo.

"Najua. Na wewe si wa kwanza kunipokea kwa kufuli," mtafiti alijibu. "Sisi tuliahidi fedha kwa choo kinachong'aa, nanyi mkatupa choo kinachong'aa. Hatukuuliza kama mtoto anaingia. Nitawaeleza wakubwa zangu wabadilishe kipimo. Nikirudi, nitatazama sabuni iliyoisha na watoto wenye afya. Wewe nawe safisha uchafu huu, na usiwape watoto kazi hiyo."

Mwalimu mkuu alikunja suruali, akashika jembe na koleo mwenyewe. Wanafunzi walichungulia madirishani, na hakuna aliyediriki kucheka.

Muhula uliofuata, mtafiti alirudi akakuta sakafu imelowa na sabuni imebaki kipande chembamba. Fungu la kisima likatolewa. Mwalimu mkuu akasimama mstarini.

"Fedha za umma ni za kuwatumikia watu, si za kufurahisha macho ya mkaguzi," alisema. "Mimi nilisahau, mtoto akaumia. Ukiona agizo linamdhuru mtu, sema, hata kama aliyelitoa ni mimi."

Wakati wa mapumziko, mdogo wake kiranja alikuja mbio, amebana mapaja.

"Dada, ufunguo uko wapi?"

"Hakuna ufunguo tena," alimwambia. "Wewe nenda tu."