Mtandao Uliokatika Kila Alasiri

Kila alasiri, Afra akirudi skuli, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwasha kompyuta. Alitundika ushungi wake msumarini, akanawa miguu, kisha akakaa kwenye mkeka kando ya kitanda cha Bibi. Bibi alikuwa hashuki tena ngazi kwa sababu ya magoti, na ghorofa ya pili ya nyumba yao ya mtaa wa Malindi ndiyo ilikuwa dunia yake yote. Mtoto wake wa mwisho, Abeer, aliishi Maskati. Kwa kompyuta ile Bibi alimwona uso kwa uso, akamgombeza kwa kukonda, akamwuliza leo kapika nini.

Wiki ile nyumba nzima ilikuwa roho juu. Mama mdogo Abeer alitarajiwa kufanyiwa upasuaji wa moyo siku ya Alkhamisi. Na wiki ile ile mtandao ukaanza vituko.

Jumatatu waliongea naye kidogo tu, picha ikaganda. Abeer akabaki mdomo wazi, mkono mmoja hewani.

"Mbona kanyamaza?" Bibi aliuliza.

"Mtandao, Bibi. Umekatika."

"Basi mwambieni arudi."

Afra alizima kompyuta, akaiwasha. Akachomoa ruta, kile kisanduku cheusi kinachorusha mtandao nyumbani, akaichomeka tena. Akabonyeza hiki na kile bila kungoja kuona kimeleta nini. Mtandao ulirudi, ukakatika, ukarudi tena. Wakati huo huo simu ya nyumbani nayo haikupoa. Jamaa wa Mtoni, jamaa wa Bububu, wote walitaka kujua hali ya mgonjwa, na Bibi aliwajibu mmoja mmoja.

Jumanne ikawa yale yale. Bibi aligeukia ukutani, akavuta shuka. "Labda hamtaki kunambia," alisema. "Labda mwanangu keshalazwa."

Afra aliondoka chumbani. Alitafuta wa kumlaumu, na jina lililomjia ni Sabri.

Sabri alikuwa mtoto wa Bi Mwamvua, mama kutoka Chwaka aliyepanga chumba cha chini. Mama yake Afra, Bi Bahiya, alimpa kijana huyo neno la siri la mtandao ili ajisomee kwa kompyuta kuukuu aliyopewa na mjomba wake. Mtihani wake ulikuwa karibu. Afra hakupenda tangu mwanzo, na sasa aliona amepata sababu.

Alishuka ngazi kwa kishindo. Sabri alikuwa amekaa barazani na rafiki yake Gharib na vijana wengine wa mtaani.

"Unatuibia mtandao wetu!" Afra alisema kwa sauti. "Unashusha mafilamu mchana kutwa, sisi hatuwezi kuzungumza na mgonjwa. Mwizi wee!"

Vijana wote wakamgeukia Sabri. Sabri aliinuka taratibu. "Mimi? Mie nnasoma tu, Afra."

"Wezi wote husema hivyo."

Bi Mwamvua alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Alimwangalia mwanawe, akasema kwa sauti ya chini, "Ingia ndani. Zima hiyo kompyuta. Usiiwashe tena mpaka nikwambie."

Afra alipanda ngazi akijiona ameshinda.

Siku ya pili, Jumatano, alirudi skuli mbio. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuzungumza na Abeer kabla ya upasuaji. Alimkuta Bi Bahiya amekaa mbele ya kompyuta, mkono shavuni.

"Mama, leo mtandao unakwenda vizuri, sivyo?"

"Unakatika na kurudi tangu mchana. Na Bi Mwamvua kanambia kompyuta ya Sabri haijawashwa tangu jana. Kanieleza na sababu." Bi Bahiya alimtazama binti yake. "Haya nambie, leo anatuibia nani?"

Afra aliinamisha kichwa. Masikio yalimwaka moto.

"Mimi nlimpa Sabri ruhusa kwa mdomo wangu," mama yake aliendelea. "Wewe umemwita mwizi mbele za watu. Hilo tutalirudia. Sasa kaa hapa tutafute ubovu ulipo. Lakini hatushiki mambo mawili kwa pamoja. Tunageuza kimoja, tunangoja, tunaangalia."

Kwanza waliitazama ruta. Ilikuwa ndani ya kabati la sebuleni, nyuma ya sinia za shaba, na kati yake na chumba cha Bibi kulikuwa na ukuta wa mawe na chokaa, mnene kama urefu wa mkono. Bi Bahiya aliihamishia kwenye rafu ya ukumbini, mkabala na mlango wa Bibi, pembeni ya simu. Afra alipoangalia kompyuta, alama za nguvu ya mtandao zilikuwa zimepanda.

"Imepona!" alisema, akataka kuruka.

"Bado. Ngoja."

Afra alifungulia redio ya mtandaoni iliyokuwa ikisoma Kurani, akaiacha waone kama itakatika. Kungoja kulimtesa. Alitikisa mguu, akang'ata kucha, akaangalia saa ya ukutani kila mara. Kisomo kiliendelea bila kukwama.

Simu ililia. Ilikuwa simu isiyo na waya, zawadi ya Abeer mwenyewe, ambayo mtu huweza kutembea nayo nyumba nzima. Afra alimpelekea Bibi.

"Naam," Bibi aliitikia. "Alhamdulillahi, bado hatujazungumza naye..."

Kisomo kikakatika.

Afra alisimama wima. Bibi alizungumza mpaka akamaliza, akaagana na jamaa yake, akakata. Baada ya muda mfupi kisomo kikarudi chenyewe.

"Mama! Hebu piga simu ya nyumbani kwa mobaili yako!"

Bi Bahiya alipiga. Afra akapokea, kisomo kikakatika. Akakata, kikarudi. Walijaribu tena, ikawa hivyo hivyo.

"Kumbe simu na ruta zinagombania njia moja hewani," alisema Bi Bahiya. "Na kila tukingoja kuzungumza na Abeer, ndipo jamaa wote wanapopiga kuuliza habari zake."

Alichomoa simu ile, akatoa stooni simu ya zamani yenye waya, akaiunganisha. Alipiga tena kujaribu. Kisomo hakikukatika.

Afra alikaa haraka mbele ya kompyuta. "Mama mdogo atakuwa tayari sasa hivi!"

"Bado kitambo kidogo," mama yake alisema. "Shuka kwanza."

"Mama, nikishuka ntamkosa!"

"Na wewe umemkosea mtu. Shuka."

Chini, Sabri alikuwa ndani na kitabu. Bi Mwamvua alikuwa akipepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba."

"Haikuwa Sabri. Ilikuwa simu yetu wenyewe. Nimekuja kukuombeni radhi."

Sabri alifunga kitabu. "Jana hukunita mwizi humu ndani," alisema. "Ulinita barazani."

Afra alielewa. Alitoka nje. Gharib na wenzake walikuwapo.

"Jana nlisema Sabri mwizi," alisema. "Nlisema uongo. Hakuiba kitu. Sikuwa na hakika, nkamtia doa. Sabri, nisamehe."

Gharib aliangalia chini. Sabri alikuwa amemfuata mpaka mlangoni. Hakutabasamu, lakini aliitikia kwa kichwa. "Nshakusamehe. Kimbia, mgonjwa wenu anakungojea."

Afra alipofika juu, sura ya Abeer ilikuwa tayari imejaa kwenye kioo cha kompyuta. Bibi alikuwa ameinama mbele, karibu pua iguse kioo.

"Geuka huku nikuone vizuri," Bibi alisema. "Umekonda!"

Abeer alicheka huku akilia, Bibi akamsomea dua mpaka mwisho, na picha haikukwama hata mara moja.

Walipomaliza, Bi Bahiya alimvuta Afra kando yake.

"Ulikuwa na uchungu wa mama yako mdogo, nnajua," alisema. "Lakini uchungu si ushahidi. Kitu kikiharibika, chunguza mpaka uone kwa macho yako, ndiyo useme. Simu tumeichomoa, imekwisha. Jina la mtu ukilichafua, hulisafishi kwa kubonyeza kitufe."

"Nimefahamu, Mama."

"Sasa mwite Sabri apande na kompyuta yake. Mtandao leo uko mzuri, naye kapoteza siku nzima ya kusoma."