Upande wa Mikia

Maiti ililala kifudifudi kwenye maji yasiyofika magoti, mbele ya kibanda cha matete. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kamera yenye lenzi ndefu ilikuwa bado shingoni.

"Mpiga picha za ndege," Koplo alisema. "Na muuaji tunaye tayari, afande. Mlinzi wa bwawa. Jana alimwambia mbele za watu, 'Nitakutosa humu.'"

"Kisa?"

"Marehemu alikuwa anatupa samaki majini ili ndege washuke, apate picha. Mlinzi hataki."

Mlinzi alikuwa garini, pingu mikononi, analia bila sauti.

"Nilisema, afande. Hasira tu. Lakini mkono sikunyanyua. Mtaninyonga bure."

Mwingine aliyekuwepo asubuhi ile ni shemeji wa marehemu, mdogo wa mkewe. Alikuwa msaidizi wake: anabeba mizigo, naye anapiga picha. Alisema hakutoka ng'ambo ya bwawa mpaka aliposikia kelele za mlinzi alipoikuta maiti.

Inspekta hakubisha. Kesho yake kulipokucha akaenda ng'ambo ile ile, akakaa kwenye majani yenye umande. Koplo akapiga miayo.

"Siku hizi tunapeleleza ndege, afande?"

"Funga mdomo uangalie."

Upepo uliwapiga usoni. Furukombe, yule tai wa majini, akashuka, akanyaka samaki kwa kucha, akapanda. Akaja mwingine. Kila aliyeshuka aliuelekea upepo. Kila aliyeshuka aliwapa mgongo.

Mchana shemeji mtu aliingia chumba cha mahojiano. Dada yake, mjane, alibaki kwenye benchi la korido.

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa, afande. Mlinzi anapelekwa mahakamani lini?"

"Kesho. Hebu niambie, jana pale ulipokuwa, upepo ulikuwaje?"

"Mkali. Ulinipiga usoni mpaka machozi."

"Kama wa leo. Picha ulizopiga unazo?"

"Ninazo. Hata saa imeandikwa. Ushahidi huo." Akasogeza kamera yake mezani, kwa kujidai kidogo.

Inspekta akazipitia taratibu. Furukombe, macho makali, kucha mbele, maji yakimrukia kifuani. Mwingine hivyo hivyo. Na mwingine.

"Nzuri sana. Mbona wote wanakutazama?"

"Ndiyo picha yenyewe hiyo."

"Leo nimekaa ng'ambo, upepo usoni. Nimeambulia mikia. Nikahamia kibandani, upepo mgongoni, ndiyo nikaona sura." Inspekta akaweka kamera chini. "Za mikia ziko wapi?"

"Nilizifuta."

"Lini?"

"Pale pale. Mikia tunafuta, afande. Nani anaweka takataka kwenye kamera?"

"Ungeacha hizo ukafuta hizi, ningekuamini. Umefuta za ng'ambo, umebakiza za kibandani."

Feni ilizunguka juu yao. Kijana alipoanza kusema, sauti ilikuwa ndogo.

"Miaka yote nambebea stendi ya kamera. Kila tukifika: 'Shemeji, wewe nenda ng'ambo.' Anajua huko kuna nini! Jana nikarudi kumwomba nisimame kibandani kidogo tu. Akacheka. Akasema mimi macho yangu ni ya kutazamia mizigo." Akajifuta uso. "Stendi ilikuwa mkononi."

"Daktari amekuta maji mapafuni. Alikuwa hai alipoanguka, na maji yenyewe hata mtoto hazami. Mbona hukumtoa?"

Macho ya kijana yalikuwa kwenye kamera.

"Ndege walikuwa wameanza kushuka."

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akainuka.

"Kamfungulie mlinzi. Mwombe radhi, na umwombe vizuri."

Kisha akatoka koridoni. Mjane akanyanyuka haraka, akajifunga kanga yake sawasawa.

"Afande, mdogo wangu amewasaidia?"

"Keti kwanza, mama," Inspekta alisema, akaketi kando yake.