Mgonjwa wa Pumba

Sauti ilijibu, "Naridhia," na Minza akaendelea kuvaa glovu bila wasiwasi, akijua ni Getrude aliyejibu. Ndivyo walivyozoea. Mmoja akifanya mazoezi, mwenzake husimama kichwani mwa kitanda na kumjibia mgonjwa, maana mkufunzi wao Telesphor hakuwa na mchezo kwenye jambo hilo: msalimie mgonjwa, jitambulishe, omba ridhaa, na usimguse kabla hajakujibu, hata kama mgonjwa mwenyewe ni mdoli. Somo hilo liliwakolea wanafunzi wa uuguzi wa chuo kile mpaka wakawa wanaombana ridhaa ya kuazimana sabuni.

Alipogeuka kuchukua sindano, alimwona Getrude kupitia dirisha. Alikuwa uani, anaanika sare zao kwenye kamba. Chumbani alikuwepo Minza peke yake na mdoli.

Mdoli huyo walimtengeneza wenyewe. Walikuwa wamepanga chumba kimoja Nsemulwa, hapo Mpanda mjini, na wadoli wa chuo waligombaniwa na darasa zima. Basi Minza alipokwenda kwao Majimoto, akajaza kiroba cha pumba nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Malundo yalikuwa mawili. Kwenye lile jipya watu walipanga foleni. Lile la zamani lilifuka moshi masika na kiangazi, na hakuna aliyelisogelea. Minza alikuwa na haraka, bodaboda anamsubiri, akachota la zamani upande usiowaka. Mjini wakashona kwa gunia kichwa, kiwiliwili, mikono na miguu, wakajaza zile pumba, wakamvisha gauni kuukuu la Getrude, wakamwita Bibi. Siku ile walicheka sana.

Sasa hakuwa na nafasi ya kuogopa. Mwaka uliopita alianguka mtihani wa vitendo kwa kutetemeka mikono. Akianguka tena amedisco, chuo kinamfukuza, na kudisco mwaka wa mwisho ni kurudi Majimoto na kuposwa kabla vumbi la safari halijakutoka. Akajiambia ni uchovu. Akamchoma Bibi sindano, na mkono wa gunia ukajivuta kidogo, kama wa mtu aliyeumia. Minza akamalizia maneno yote ya mwisho, kama alivyofundishwa: "Pole kwa maumivu. Ukiwa na shida yoyote, niite."

Bibi akaanza kuita.

Aliita mchana, jua likiwa utosini, wakati mtaa mzima umejilaza. "Nesi." Mara moja tu, halafu harufu ya pumba zinazoungua inajaa chumbani mpaka koo linakereketa. Getrude naye aliisikia. Yeye ni Mkatoliki wa kijiji cha Mamba, mtoto wa katekista, akamvisha mdoli rozari yake. Asubuhi wakakuta shanga zote zimesagwa unga.

Wakanong'onezana kando ya jiko la mkaa. Getrude alitaka wamchome moto siku hiyohiyo.

"Mtihani ni Jumatatu," Minza akasema kwa sauti ya chini. "Tuvumilie siku hizi mbili tu, dada. Nikimaliza tunamchoma."

Getrude akakubali, kwa sababu alimpenda.

Jumamosi mchana Minza alikwenda sokoni kununua dagaa, akamwacha mwenzake amejilaza. Aliporudi mlango ulikuwa umerudishwa, harufu ya moshi wa pumba ilitoka hadi kibarazani, na ndani alisikia kitu mfano wa mtu anayelia akiwa amefumba mdomo, akausukuma mlango na kumwona Bibi ameketi ukingoni mwa kitanda cha Getrude, amevaa glovu juu ya mikono yake ya gunia, anavuta uzi mweusi polepole, na uzi ule ulikuwa unapita kwenye midomo ya Getrude, mshono baada ya mshono, yote imenyooka vizuri kabisa, kila fundo mahali pake, huku damu ikishuka shingoni na kulowesha mto, na macho ya Getrude yamemtoka akimtazama Minza bila kuweza hata kuinua mkono, kwa kuwa viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimepigiliwa sindano kwenye ubao wa kitanda.

"Nilimwomba ridhaa," Bibi akasema. "Alikuwa usingizini, akaitika."

Minza akamrukia. Mkono wa pumba ulikuwa mzito kuliko wa mwanaume. Ulimbamiza ukutani mara mbili, jino likang'oka, akadondoka chini damu zikimtoka mdomoni na puani. Majirani waliposikia vishindo na kuingia, mdoli alikuwa amelala mahali pake, miguu imenyooka. Getrude alikimbizwa hospitali kukatwa zile nyuzi, na mtaani wakasema ni vibaka.

Shangazi yake Minza, Nyanzala, mganga anayejulikana huko kwao, alifika Jumapili kwa pikipiki. Alimmwagia Bibi mafuta ya taa na kumwasha uani. Gunia lilipasuka likapiga ukelele, mbwa wa Nsemulwa wote wakajibu, lakini Nyanzala hakuonekana kufurahi.

"Nimechoma nguo yake tu, mwanangu. Lile lundo halizimiki kwa sababu lina mwenyewe. Wewe ndiye uliyemkaribisha kwa maneno ya kazi yako, kwa hiyo mtoe kwa maneno hayohayo. Ila angalia sana, usimwachie njia. Neno la kurudi lisikutoke mdomoni."

Jumatatu Minza aliingia chumba cha mtihani na shavu lililovimba. Mtahini alikuwa mama kutoka chuo kingine, Lidia, ameketi pembeni na kalamu mkononi. Kitandani alilazwa mdoli wa plastiki, na kazi yenyewe ilikuwa hii: mgonjwa amepona, mpe ruhusa na maelekezo ya nyumbani.

Alianza kwa salamu. Akajitambulisha, akaomba ridhaa. Harufu ya moshi ikampanda puani, na mkono wa plastiki ukamkamata kiganja chini ya shuka, ukaanza kukaza. Kidole chake cha mwisho kikavunjika kwa mlio mdogo, kisha cha pili yake, na Minza akameza ukelele pamoja na mate.

"Uko sawa, mwanangu?" Lidia akauliza. "Mbona jasho hivyo?"

"Niko sawa, madam." Akainama juu ya yale macho yaliyochorwa. "Bibi, umepona. Leo nakupa ruhusa. Nenda kwenu, ukakae huko."

Mkono ukalegea. Harufu ikaanza kufifia, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Minza akavuta pumzi safi. Amekwenda, alijua amekwenda.

"Kuna kingine, nesi?" Lidia akauliza, kalamu ikiwa juu.

Kilikuwepo. Tarehe ya kurudi kliniki. Telesphor aliwaimbia mwaka mzima kwamba hatua hiyo ukiiruka umeanguka, hata kama mengine yote umepatia. Minza alimfikiria Getrude, aliyelala wodini na mdomo uliovimba, mtihani umempita. Akamfikiria shangazi. Halafu akajifikiria yeye, na hilo ndilo lililoshinda.

"Baada ya mwezi mmoja," akasema, "urudi nikuone."

Lidia akaweka alama ya vema. Kitandani, kona za mdomo wa plastiki zilipanda taratibu.

Matokeo yalitoka, Minza amefaulu. Baba yake, mzee Nyanda, akachinja dume kwao Majimoto na kuita watu, Wasukuma na Wapimbwe, ngoma ikapigwa toka asubuhi. Minza alicheza na vidole vyake viwili vilivyopinda, akijitahidi kutohesabu siku. Mchana, jua likiwa utosini, akasikia harufu ya pumba zinazoungua. Akajiambia upepo unatoka upande wa mashine.

Akaenda kumtafuta mama yake, aliyekuwa ameketi kibarazani peke yake, ameukunjua mguu wake unaomsumbua miaka yote. Uso wake ulikuwa umejaa furaha.

"Mbona hukuniambia kama umealika wenzio wa uuguzi, mayu?" mama akasema. "Amekuja nesi mmoja, bibi mpole huyo. Anasema ulimpa tarehe. Amenisalimia vizuri, akajitambulisha, akaniuliza kama naridhia autibu huu mguu."

"Ukamjibuje, mama?"

"Nikamwambia naridhia. Yuko chumbani kwangu, anavaa glovu."