Tinti Nyeusi Kwenye Dirisha la Mama

Kila siku saa nane mchana, jua liliingia chumbani kwa Resian na halikutoka mpaka jioni. Mama huyu wa miaka sabini na minne alikaa kitandani akijipepea kwa kitambaa. Alikuwa na ugonjwa wa presha. Wiki hiyo alikuwa ameanguka mara mbili kwa sababu ya joto.

Chumba kilijengwa na mwanawe, Koinet, hapa Kitengela. Zamani mama aliishi Isinya, katika nyumba ya udongo yenye tundu dogo la dirisha. Koinet aliionea haya nyumba ile. Kwa hivyo hapa aliweka kioo upande mzima wa magharibi, ili mama aone milima ya Ngong. Mama aliona milima, akapata na jua lake lote.

Koinet akabandika kwenye kioo tinti ya magari, ile karatasi ya plastiki ya kukitia giza, nyeusi kuliko zote dukani. Aliamini giza ndilo baridi. Chumba kikawa giza, joto likabaki palepale. Sasa Resian hakuweza hata kutunga shanga, kazi aliyoipenda tangu utotoni. Hakuona tundu la ushanga.

Asubuhi moja alifunga mfuko wake wa nguo.

"Nirudishe Isinya."

"Yieyo, mama yangu, nyumba ile ilishaanguka."

"Basi nitakaa pale ilipoanguka."

Koinet alitoka nje, akaketi juu ya mawe ya ujenzi, akalia. Eunice, jirani yake na fundi wa vioo, alimkuta hapo.

"Nimejenga nyumba nzuri na inaniulia mama," Koinet alisema. "Sijui nifanye nini tena."

Mchana Eunice alirudi, akaingia chumbani.

"Takwenya," alimwamkia mama kwa Kimaasai.

"Iko," Resian alijibu bila kuinua kichwa.

Eunice aligusa kioo, akatoa mkono haraka. "Koinet, ulisoma karatasi ya hii tinti?"

"Ilikuwa nyeusi. Ningesoma nini?"

Koinet alileta boksi la tinti. Eunice akamwonyesha kwa kidole.

"Hii VLT ni mwanga unaopita. Ni tano kwa mia, ndiyo maana kuna giza. Hii TSER ni joto la jua linalozuiwa, lote kwa jumla. Ni thelathini na tano tu. Hii nyeusi inameza joto, kioo kinachemka, halafu mama anachomeka. Usiangalie rangi. Angalia namba."

"Kwa hivyo nilimnyima mwanga bure."

"Ndiyo," Eunice alisema. Hakutaka kumdanganya. "Lakini iko ingine. Inapitisha mwanga hamsini na inazuia joto hamsini na tano."

"Na baridi ya usiku?"

"Hapo uangalie namba ya U. Ikiwa ndogo, joto la ndani halitoroki haraka. Tinti nyingi hazisaidii sana hapo. Weka pazia zito."

Walibandua ile nyeusi, wakabandika nyingine. Nje, juu ya dirisha, Eunice aliongeza kivuli cha mabati. Joto halikuisha, lakini lilipungua. Mama aliacha kujipepea.

Siku ya tatu, saa nane mchana, alimwita mwanawe.

"Nipe ule mfuko."

Moyo wa Koinet ulishuka. Aliuleta, akasimama mlangoni. Resian aliufungua, akatoa mkebe wa shanga. Akasogeza kiti dirishani, akapitisha uzi kwenye ushanga wa kwanza.

"Nguo rudisha wewe kabatini," alisema. "Mimi niko na kazi."