Duara la Majina

Kila asubuhi kabla ya kengele, Spika na Kidoti walikaa benchi moja karibu na bomba la shule, wakigawana kitana kimoja na porojo zote za darasa la saba. Spika alikuwa mwenyekiti wa baraza la wanafunzi. Alibandikwa jina hilo kwa sababu akiamkia "shikamoo" getini, mwalimu aliye chumba cha mwisho huitikia "marahaba". Kidoti alikuwa mpole, lakini kwa kuandika hakuwa na mpinzani.

Muhula mzima bomba lilikuwa kavu. Ndipo Kidoti akaandika barua kwenda ofisi ya maji, na wajumbe wote tisa wakaweka sahihi kwa duara, kama spoki za baiskeli, asijulikane nani wa kwanza. Hiyo ndiyo desturi ya baraza lao. Wiki mbili baadaye maji yakatoka, na nyuma ya maji akaja mtangazaji wa redio, mama mmoja mcheshi.

"Haya mwanangu, nani aliandika ile barua?"

Spika alikitazama kipaza sauti. Ulimi ukamtangulia.

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Redio ilirudia mara tatu. Inasemekana hata kuku wa jirani waligeuza shingo. Nyumbani, mama yake alipigiwa simu na ndugu ambao alidhani walishamfuta kwenye ukoo.

Kesho yake, benchi lilikuwa tupu. Kidoti alikuwa amekaa ngazini na wajumbe wengine.

"Kidoti, mbona umehama?"

"Kaa tu, shoga. Si uko peke yako? Redio imesema."

Hakuna aliyemtukana. Walimwachia nafasi tu, nafasi kubwa. Watoto wa madarasa ya chini walimpungia mikono kama msafara wa waziri, lakini jioni hakuna aliyemngoja getini. Siku nne alikwenda nyumbani akiongozana na kivuli chake. Siku nne alichana nywele kwa vidole, maana kitana kilikuwa cha Kidoti.

Siku ya tano alimwomba mwalimu mlezi nakala ya barua, akaenda kwa miguu hadi kituo cha redio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, nyota wangu! Kulikoni?"

"Nilidanganya. Barua aliandika rafiki yangu. Sahihi tuliweka wote tisa. Naomba niseme upya."

Mtangazaji aliizungusha karatasi, akaizungusha tena. "Sasa hapa wa kwanza ni nani?"

"Hakuna, mama."

Mtangazaji akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Miaka ishirini watu wanakuja hapa kudai niwaongezee sifa. Wewe ndiye wa kwanza kuja kupunguza zako! Sikiliza, mwanangu. Ukisemea wenzako, umebeba majina yao mdomoni. Ukiyameza, utabaki na sauti yako tu, na sauti haimsindikizi mtu nyumbani. Haya, sogea. Anza na jina la rafiki yako."

Jumatatu Spika alikaa benchini peke yake, macho chini. Viatu viwili vikasimama mbele yake.

"Sogea," Kidoti alisema, kitana mkononi. "Kichwa gani hicho, kama kiota?"

"Ulinisikia redioni?"

"Wewe? Na sauti hiyo? Tungekusikia hata redio ikiwa imezimwa."

Spika akasogea. Mara wajumbe wengine nao wakashuka ngazini, wakajibana benchini mpaka likalia.