Wambeti Atafuta Wataalamu wa Kumkosoa

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kuchota maji na kufagia uwanja, Wambeti alikuwa na kazi moja asiyoipenda hata kidogo: kupepeta ndengu. Nyumbani kwao, karibu na soko la Ishiara, ndengu ndizo zilizolipa karo na kununua viatu, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza kama anapenda au hapendi. Mama aliteremsha gunia, Wambeti akashika ungo, na Nelius, dadake wa miaka minne, akajisogeza karibu kabisa akipiga makofi kila vumbi jeupe lilipopanda juu.

Vumbi hilo halikuwa la shambani. Lilikuwa dawa. Kila baada ya mavuno, akina mama wa pale walinunua unga mweupe dukani kwa Kiambi, muuzaji wa dawa za shamba, wakauchanganya na ndengu ndani ya magunia ili fukusi wasizitoboe. Kiambi aliupima kwa kijiko na kuufunga katika vifuko vya nailoni visivyo na jina wala maelezo. Watu waliuita tu "nyeupe ya Kiambi". Na tuseme ukweli, ulifanya kazi. Fukusi aliyekutana na nyeupe ya Kiambi hakurudi kwao kusimulia.

Siku hiyo Nelius alianza kwa kusugua macho. Mara mate yakamtoka ovyo, akatapika, mikono yake midogo ikatetemeka. Mama alimtupa mgongoni na kukimbia naye hadi zahanati, Wambeti nyuma yao akihema. Namshukuru Mungu, mtoto alipona. Lakini muuguzi aliuliza, "Huyu ameshika dawa gani?" Mama akajibu kwamba hakushika dawa yoyote. Wambeti alitazama mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa bado myeupe.

Tangu hapo Wambeti hakutulia. Alikuwa Gredi ya Nane, na katika klabu ya sayansi kila mwanafunzi alitakiwa kuchunguza jambo moja la nyumbani. Alizunguka boma kwa boma akiuliza: nani hupepeta ndengu hapa? Baadaye husikia nini mwilini? Majibu yalifanana mno. Kichwa kuuma, macho kuwasha, watoto kutapika. Alipomaliza aliandika ripoti, na ripoti yenyewe haikuwa na haya: ilisema nyeupe ya Kiambi ni sumu, inaumiza watoto, na tena inaleta saratani.

Aliipeleka kwa Mama Ruguru, mwenyekiti wa Kikundi cha Akina Mama. Kikundi hicho ndicho kilichonunua dawa ya wanachama wote kwa pamoja, na wakati wa kununua ulikuwa unakaribia. Mama Ruguru hakuwa mtu wa kubembeleza. Alivaa miwani, akasoma, akavua miwani.

"Wambeti mwanangu, mimi siwezi kuwaambia wanawake mia waache dawa kwa sababu mtoto wa shule amesema. Wadudu wakila ndengu, sisi tutakula wewe? Tafuta wataalamu waisome kazi yako. Wakisema ni kweli, tutaacha."

"Ndio, Mama. Nitawatafuta."

Mwalimu Susan, aliyesimamia klabu, alifurahi aliposikia. Alimweleza Wambeti kwamba hata wanasayansi wakubwa hufanya hivyo: kabla watu hawajaambiwa kwamba kemikali fulani ina madhara, wataalamu wengine wasio na upande huisoma kazi hiyo na kuitafutia makosa. "Niletee majina, tuyaangalie pamoja," alisema.

Sasa sikilizeni alichofanya Wambeti. Mamake alikuwa na kaka anayeitwa Nyamu, aliyesomea kemia chuo kikuu, na sasa ana duka kule Makutano, Meru. Wambeti alimpigia simu kwa simu ya mama. Mjomba Nyamu aliwaongeza rafiki zake wawili aliosoma nao, na kesho yake majibu yote matatu yalikuwa yamefika. "Kazi safi kabisa." "Hongera, sina la kuongeza." "Dawa hiyo ipigwe marufuku." Mwalimu Susan alipouliza hao ni akina nani, Wambeti alisema, "Ni wataalamu wa kemia kutoka Makutano," akanyamaza hapo hapo. Hakusema uongo, lakini alijua vizuri alichokuwa amekificha.

Jumapili baada ya ibada, kikundi kilikutana ukumbini mwa kanisa. Wambeti alisoma majina ya wataalamu wake huku kifua kiko mbele. Kiambi mwenyewe alikuwa amealikwa, naye akainua mkono polepole.

"Naomba kuuliza. Huyu Nyamu wa Makutano si ndiye mjomba wako? Yule anayeuza magunia yasiyopitisha hewa, yale ya kuhifadhia nafaka bila dawa?"

Ukumbi ulianza kwa minong'ono, ukamalizia kwa kicheko. Kumbe kama dawa ingekataliwa, watu wangenunua magunia, na muuzaji wa magunia ni mjomba. Wambeti alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Ruguru hakucheka. Alisema tu, "Mwezi ukiisha tunanunua dawa. Ukipata watu wasio wa kwenu kabla ya hapo, uje."

Jumatatu Mwalimu Susan alimkuta amejikunyata nyuma ya maktaba. Hakumgombeza, na hilo lilimuuma Wambeti kuliko kugombezwa.

"Mwalimu, niliogopa. Nilitaka watakaosema ndiyo, ili Nelius asiugue tena."

"Najua. Umechagua wataalamu kama watu wanavyochagua wasemaji wa kupeleka mahari. Pale unamtafuta mwenye mdomo mtamu, atakayewasifia kijana wenu hata kama nyote mnajua ni mvivu. Ni sawa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini hapa hatuozi mtu, Wambeti. Hapa unamtaka yule atakayemchungulia huyo kijana mpaka kwenye kucha."

Wambeti alijikuta anacheka na machozi yangali machoni. "Na akipata kosa?"

"Utalirekebisha. Na asipolipata, Kiambi hatakuwa na la kusema."

Wakaanza upya. Kila jioni baada ya masomo, Mwalimu Susan alimpa simu yake, na Wambeti akajifunza kuuliza maswali matatu hata kabla hajaeleza shida yake: Je, wewe au jamaa yako huuza dawa au magunia? Umewahi kulipwa na wanaouza? Unatujua sisi au Kiambi? Wengine walikata simu. Mmoja alimwambia akacheze. Profesa mmoja mjini Embu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Binti, zamani nilifanyia kazi kampuni ya dawa za mbegu. Nikiisoma kazi yako watu watanishuku, na watakuwa na haki. Lakini mtafute Dakta Kailemia. Yeye ni mtaalamu wa sumu, na hana mdomo mtamu kabisa." Wambeti alishangaa. Mtu mzima, profesa, amejitoa mwenyewe bila kusukumwa.

Dakta Kailemia alikubali. Akakubali pia Dakta Kathambi, daktari wa watoto kutoka Meru. Alibaki mmoja, na hapo Wambeti akafanya jambo ambalo hata Mwalimu Susan hakulitarajia. Alipiga moyo konde akaenda dukani kwa Kiambi.

"Shikamoo, Mzee Kiambi. Nimekuja kukuomba msamaha kwa sababu ya mjomba. Na nimekuja uniambie mtaalamu unayemwamini wewe, naye aisome ripoti yangu."

Kiambi aliacha kupanga chupa zake. "Wewe unataka mimi nikuchagulie?"

"Ndio. Bora tu asiwe ndugu yako, na asiwe anauza."

Mzee akakuna kidevu. "Kuna Bi. Kinya, afisa wa kilimo. Alishawahi kunifungia duka wiki nzima, na sikumpenda. Lakini hapendelei mtu." Hivyo ndivyo mtaalamu wa tatu alivyopatikana.

Majibu yalipokuja, jamani, hayakuwa "kazi safi kabisa". Dakta Kailemia aliandika: unajuaje kwamba ni dawa inayowaumiza, na si vumbi la ndengu zenyewe? Dakta Kathambi aliandika: umesema inaleta saratani, ushahidi uko wapi? Kama huna, ondoa. Bi. Kinya aliuliza swali fupi kuliko yote: dawa hii inaitwaje hasa?

Wambeti alizira chakula cha jioni. Aliona kama watu hao wamempiga kofi mbele ya kijiji kizima. Lakini alipomtazama Nelius amelala, alijikaza. Akaliondoa neno saratani, ingawa ndilo lililoitia ripoti yake chumvi. Kisha yeye na wenzake wa klabu wakawatafuta watu ambao bado huhifadhi ndengu kwa jivu kama walivyofanya bibi zao. Waliwauliza maswali yale yale. Huko nako watoto walipiga chafya na kukohoa kidogo, maana vumbi ni vumbi. Lakini hakuna aliyetapika, hakuna aliyetetemeka.

Bi. Kinya naye alichukua unga kidogo dukani, Kiambi mwenyewe akishuhudia, akaupeleka maabara. Jibu lilirudi kabla mwezi haujaisha. Nyeupe ya Kiambi ilikuwa dawa ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Haikutengenezwa kuchanganywa na kitu chochote kitakachoingia chunguni, na yeyote anayeishika anatakiwa avae glavu na kufunika pua. Wataalamu wote watatu waliisoma ripoti mpya, wakauliza tena, wakajibiwa, na mwisho wakakubaliana kwa kauli moja kwamba matokeo ya Wambeti yanasimama.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Dakta Kathambi alikuja mwenyewe kutoka Meru. Wambeti alisimama mbele na kuanza na lile lililomchoma.

"Mara ya kwanza niliwaletea mjomba wangu na nikaficha kwamba ni mjomba. Naomba mnisamehe. Leo nimeleta watu watatu. Simjui hata mmoja nyumbani kwake, na mmoja amechaguliwa na Mzee Kiambi."

Akaeleza walivyomkosoa, alichokiondoa na alichokiongeza. Daktari akaeleza dawa inavyoingia mwilini kupitia pua na ngozi, hasa kwa mtoto mdogo. Kisha Kiambi akasimama, kofia mkononi.

"Mimi nilinunua gunia kubwa nikawapimia kwa kijiko kwa sababu mlitaka kidogo kidogo. Maelezo yalibaki kwenye gunia, na sikuyasoma vizuri. Kosa ni langu. Iliyobaki Bi. Kinya ameichukua. Mliyo nayo nyumbani rudisheni, msiimwage mtoni."

Sasa ilibaki kupiga kura. Lakini Mama Ruguru, badala ya kuuliza nani anakubali, alisukuma kiti chake nyuma akasimama.

"Kiambi ni mtoto wa dada yangu," alisema. "Nyote mnajua, na miaka yote nimekaa hapa nikiamua tununue dawa kwake, wala hakuna aliyewahi kuniuliza. Mtoto huyu amenionyesha. Kura hii sitaisimamia mimi." Akamwita naibu wake, akaenda kuketi nyuma kabisa na wanachama wengine.

Mikono ikainuliwa. Ilikuwa mingi hata naibu hakujisumbua kuihesabu. Aliuliza nani anapinga, na hakuna aliyepinga. Kutoka siku hiyo, nyeupe isingeingia tena kwenye ndengu za kikundi. Vigelegele vilipasuka, mama yake Wambeti akilia waziwazi na kumnyanyua Nelius juu ili kila mtu amwone.

"Basi tuzungumzie magunia yasiyopitisha hewa," naibu alisema kelele zilipotulia. "Tununue kwa nani?"

Wambeti alikuwa ameshafika mlangoni. "Hilo mjadili bila mimi," alisema. "Mnamjua mjomba wangu."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu, lakini safari hii kicheko hakikumchoma. Alisimama nje juani, akasikia ndani wakipiga makofi, na akatambua kwamba wanampigia yeye. Mama Ruguru alitoka akamkuta hapo, akamwekea mkono begani.

"Wambeti, unajua kwa nini leo wamekuamini?"

"Kwa sababu maabara imesema, Mama."

"Hapana. Mara ya kwanza pia ulikuwa unasema ukweli kuhusu dawa, lakini ulificha kitu kidogo, na ukweli wote ukaonekana uongo. Leo umeanika kila kitu, hata makosa yako, na umempa nafasi hata yule uliyedhani ni adui. Anayepeleka kazi yake kwa jamaa zake anatafuta sifa. Wewe uliipeleka kwa watu wa kukukosoa, na kwa hilo umewaokoa watoto wetu. Kumbuka hivyo ukiwa mkubwa, na hata ukija kuwa daktari usije ukasahau."

"Sitasahau, Mama."

"Haya, turudi ndani. Wamemaliza mambo ya magunia, na wanataka uwaeleze namna ya kupepeta bila kuvuta vumbi."

Wambeti alijifuta uso kwa kiganja, akaingia, na ukumbi mzima ukasimama.